Namna ya Kuanza Kuchangia Debian Kutoka Kwenye Kompyuta Yako

Kila programu unayoifungua kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Debian, kuanzia kivinjari hadi kikokotoo, imefika hapo kwa sababu kuna mtu au timu iliyoifungasha, ikaijaribu na kukubali kuibeba dhamana yake. Mtu huyo huitwa mtunzaji wa kifurushi, yaani wa programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, na mara nyingi huifanya kazi hiyo kwa kujitolea, usiku baada ya kutoka kwenye ajira yake au mwisho wa juma watoto wakiwa wamelala. Debian haimilikiwi na kampuni yoyote. Ian Murdock aliitangaza tarehe 16 Agosti 1993, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, na tangu hapo imeendeshwa na wanaoichangia. Ubuntu imejengwa juu yake, na Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo sahihisho dogo linalokubaliwa Debian huwafikia hata watu wasiowahi kulisikia jina lake.

Nimeanza na mtunzaji kwa makusudi, kwa kuwa karibu kila ushauri uliomo humu unatokana na hali yake. Mchango unaopokelewa upesi ni ule unaompunguzia kazi. Ripoti isiyoeleweka humwongezea kazi, kiraka, yaani faili la mabadiliko ya msimbo, kinachochanganya mambo matano humwongezea kazi, na tafsiri iliyotumwa mahali pasipo pake humwongezea kazi, hata kama aliyeituma ana nia njema kabisa. Ukilishika jambo hilo tangu mwanzo, hutalazimika kuwa mwandishi wa programu ndipo uwe na manufaa. Karani, mwalimu au mwanafunzi anayeitumia kompyuta kila siku ana mengi ya kutoa.

Kuandaa mashine

Toleo thabiti ninalolitumia ninapoandika haya ni Debian 13, liitwalo trixie, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025. Sambamba nalo kuna tawi la majaribio, linaloitwa forky, ambamo toleo la 14 linaandaliwa, na kuna tawi la sid, ambako vifurushi vipya huingia kwanza. Kompyuta yako ya kazi iache kwenye toleo thabiti. Kisha tafuta mahali pa pili pa kufanyia majaribio: kompyuta mpakato kuukuu, au mashine pepe ndani ya kompyuta hiyo hiyo, na humo uweke tawi la majaribio. Sababu ni kwamba swali la kwanza utakaloulizwa ukiripoti hitilafu ni kama bado ipo kwenye toleo jipya la programu, na mtu mwenye jibu tayari amekwisha kumwokolea mtunzaji jioni nzima.

Kwa wanaonunua intaneti kwa bando, pakua faili la usakinishaji linaloitwa netinst, ambalo halifiki jigabaiti moja, kisha wakati wa kusakinisha uchague mazingira ya Xfce, ambayo ni mepesi. Mashine pepe yenye jigabaiti 2 za kumbukumbu inatosha kuanzia. Baada ya hapo sakinisha zana chache:

sudo apt install reportbug how-can-i-help devscripts gettext po-debconf

Zana ya how-can-i-help inastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa hujibu swali linalowakwamisha wengi, yaani waanzie wapi. Kila unaposakinisha au kusasisha kitu, hukuonyesha ni vifurushi gani kati ya vilivyomo kwenye mashine yako mwenyewe vimeachwa bila mtunzaji, ni vipi viko hatarini kuondolewa, na ni hitilafu zipi ambazo watunzaji wamezipa alama ya newcomer kuonyesha kwamba mgeni anaweza kuzishughulikia. Isome orodha hiyo kwa wiki mbili bila kufanya lolote. Utaona jina la programu unayoitumia na kuipenda, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mtu huvumilia kazi ya kitu anachokihitaji.

Kuripoti hitilafu

Ripoti nzuri ya hitilafu ni mchango kamili, na kwa maoni yangu ndiyo shule bora kuliko zote. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili, zikisema kwamba programu ya faili inaganda na kwamba naomba irekebishwe. Mtunzaji aliuliza ni toleo gani, inaganda nikifanya nini, na kama inaganda kila mara. Sikuwa na jibu la hata swali moja, kwa hiyo siku tatu zilipita tukiandikiana juu ya mambo ambayo ningeyapata kwa nusu saa kabla ya kutuma.

Kwanza jua kifurushi kinachohusika. Jina unaloliona kwenye dirisha, mfano «Kidhibiti cha Faili», mara nyingi halifanani na jina la kifurushi. Kama unatumia mazingira ya X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, andika xprop WM_CLASS kwenye terminali, kisha ubofye dirisha lenye matatizo, nalo litakutajia jina la programu yenyewe. Ukiijua programu, mathalani Thunar, ambayo ndiyo kidhibiti cha faili cha Xfce, amri hii hukuambia imetoka kifurushi gani:

dpkg -S $(which thunar)

Nayo amri ya apt policy thunar hukupa toleo lililosakinishwa na matoleo mengine yanayopatikana.

Pili, hakikisha unaweza kuirudia hitilafu. Hapa ndipo pa kutumia muda. Badilisha kitu kimoja kimoja: jaribu kwa akaunti mpya ya mtumiaji ili ujue kama tatizo linatokana na mipangilio yako, jaribu kwa flashi nyingine, jaribu baada ya kuwasha upya. Andika kwenye karatasi kila jaribio na matokeo yake. Kumbukumbu za makosa tangu mashine ilipowaka hupatikana kwa journalctl -b -p err, na mstari mmoja wa humo wakati mwingine humfaa mtunzaji kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Sasa chukua mfano huu wa kubuni. Tuseme programu ya Thunar inakwama unapotoa flashi. Kiini cha ripoti kingekuwa hivi:

«Nilichomeka flashi yenye mfumo wa exFAT, nikanakili kwenye flashi hiyo folda yenye picha 200, na kabla kunakili hakujaisha nikabofya alama ya kutoa flashi. Nilitarajia kuonywa kwamba kunakili hakujakamilika. Badala yake dirisha liliganda kwa takriban sekunde 40, kisha likajifunga, na picha 31 hazikuwemo kwenye flashi. Nimejaribu mara 5 na limetokea mara 5. Kwa flashi yenye FAT32 halitokei. Nimejaribu pia kwenye tawi la majaribio, na linatokea vilevile.»

Tazama jinsi maneno hayo yasivyo na malalamiko wala makisio juu ya chanzo. Yanasema kilichofanywa, kilichotarajiwa, kilichotokea, mara ngapi, na mahali ambapo hakitokei. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, ilhali tofauti kati ya exFAT na FAT32 inaweza kumpeleka mtunzaji moja kwa moja kwenye sehemu ya msimbo inayohusika. Ripoti yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya mfumo wa kufuatilia hitilafu wa Debian, lakini Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinapokelewa bila shida. Watunzaji wengi nao wamejifunza lugha hiyo shuleni kama sisi.

Kisha andika reportbug thunar. Zana hii itakuonyesha kwanza ripoti zilizopo, na tafadhali zisome. Ukikuta yako imekwisha kuripotiwa, usifungue mpya: tuma barua pepe kwa anwani ya namba ya ripoti hiyo @bugs.debian.org, ueleze ulichokiona cha ziada. Ufahamu kwamba barua inayotumwa kwa anwani hiyo humfikia mtunzaji, lakini haimfikii aliyeripoti mwanzo. Ukitaka naye aione, ongeza anwani ya namba hiyo ikifuatiwa na -submitter. Kama hakuna ripoti inayofanana na yako, reportbug itakufungulia ukurasa wa kuandika, na chini yake itajaza yenyewe toleo la mfumo, kerneli, lugha na vifurushi tegemezi.

Utaulizwa ukubwa wa hitilafu, na hapo uwe mkweli. Ngazi ya critical ni ya hitilafu inayoharibu programu nyingine zisizohusika, au mfumo mzima, au inayopoteza data vibaya. Grave ni pale kifurushi chenyewe kinapokuwa hakitumiki kabisa au karibu kabisa, au kinapopoteza data ya mtumiaji. Hizo mbili, pamoja na serious, zinaweza kuzuia toleo zima kutoka. Hitilafu nyingi za watu wa kawaida ni normal au minor, na maombi ya kitu kipya ni wishlist. Anayeipandisha ngazi ili asikilizwe upesi humlazimisha mtu aishushe, na safari nyingine jina lake husomwa kwa tahadhari.

Jambo moja la usalama: kila unachokituma huko huonekana na dunia nzima, pamoja na anwani yako ya barua pepe, na hakiondolewi kwa urahisi. Soma kumbukumbu za mfumo kabla ya kuziambatisha, uondoe majina ya mafaili binafsi, majina ya mitandao ya nyumbani na nywila. Wengi hufungua anwani maalumu ya kazi hii.

Kutafsiri kwa Kiswahili

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili ana kitu ambacho hakuna mhandisi wa Berlin au São Paulo awezaye kukitoa. Msingi upo: maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, ina mipangilio ya lugha ya sw_TZ na sw_KE, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba inawezekana, na pia ilionyesha kwamba tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma na programu yake, kwa sababu kila toleo jipya huja na sentensi mpya.

Kabla ya kutafsiri, fahamu tafsiri inakwenda wapi. Maneno ya menyu za Thunar si mali ya Debian. Ni ya mradi wa Xfce, ambao hukusanya tafsiri zake kupitia tovuti ya Transifex. GNOME na KDE, ambayo ni mazingira mengine kama Xfce, nayo yana mahali pao: l10n.gnome.org na l10n.kde.org. Ukimtumia mtunzaji wa Debian tafsiri ya menyu za Thunar, unampa mzigo wa kuibeba kama kiraka kila toleo linapobadilika, ilhali ukiipeleka Xfce itafika Debian yenyewe, na mifumo mingine ya Linux kama Fedora, na kwingineko. Vilivyo vya Debian hasa ni programu ya usakinishaji, maelezo mafupi ya vifurushi, tovuti, na maswali ambayo baadhi ya vifurushi huuliza wakati wa kusakinishwa. Maswali hayo yamo kwenye folda ya debian/po ya kifurushi: unanakili faili la templates.pot kuwa sw.po, unatafsiri, unaangalia yanavyoonekana kwa podebconf-display-po, kisha unatuma kama ripoti ya wishlist yenye alama za l10n na patch.

Ufundi wenyewe ni mwepesi. Faili la po lina jozi za sentensi: ya asili na ya kwako. Kwenye kichwa chake weka Language: sw, na kwa wingi weka nplurals=2; plural=(n != 1);. Ugumu upo kwenye Kiswahili chenyewe, na ningependa tuuangalie kwa karibu.

Chukua ujumbe unaotokea baada ya kufuta kitu, ambamo alama ya %s itajazwa jina la kitu kilichofutwa. Je, utaandika «%s imefutwa», «%s limefutwa» au «%s kimefutwa»? Hujui ngeli, kwa sababu hujui kama kitakuwa faili, folda, kifurushi au picha, na mwandishi wa programu hakulifikiria hilo kwa kuwa lugha yake haimlazimishi. Njia niliyoizoea ni kulikimbilia jina la kitendo, ambalo upatanisho wake haubadiliki: «Kufuta %s kumekamilika», «Kunakili %s kumeshindikana», «Kuhamisha %s kunaendelea». Sentensi hizo ni sahihi kitu kiwe cha ngeli yoyote. Pale unapojua kwa hakika kwamba %s ni jina la faili, unaweza kulitanguliza: «Faili %s limefutwa».

Hata hapo kuna uamuzi wa kufanya. Wengine husema faili hili na mafaili haya, wengine faili hii na faili hizi, na kila upande una watetezi wake. Chagua moja, uiandike kwenye orodha yako ya istilahi, na uifuate tangu menyu ya kwanza hadi ujumbe wa mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa folda au kabrasha, kwa hifadhi, kwa ghairi. Tazama kwanza watafsiri waliokutangulia kwenye mradi huo walitumia neno gani, na kama neno lao linaeleweka liache, hata kama wewe ungependelea jingine. Mtumiaji anayekuta majina matatu ya kitu kimoja kwenye skrini moja hurudi kwenye Kiingereza.

Idadi nayo ina taratibu zake. Kwetu namba hufuata nomino, kwa hiyo ni «Mafaili %d yamenakiliwa», namba ikikaa baada ya jina. Sentensi ikiwa na nafasi mbili za kujazwa, na Kiswahili kikataka ya pili itangulie, usizigeuze kwa mkono tu, maana programu itaweka jina mahali pa namba na huenda ikaanguka. Zipe namba za mpangilio, %2$s kisha %1$d, nayo itaelewa.

Na kuna herufi za mkato, ambazo katika programu zilizojengwa kwa GTK, zana ya kutengenezea madirisha na menyu, huwekewa alama ya mstari wa chini mbele yake ili mtu achague menyu kwa kubonyeza herufi hiyo. Kiswahili kina mtego hapa: Fungua, Funga na Futa zote huanza na Fu. Ukiandika _Fungua, _Funga na _Futa kwenye menyu moja, herufi F itakuwa inarukaruka kati ya vitatu hivyo bila kutekeleza kimoja, na asiyetumia kipanya, kwa mfano mtu asiyeona, atakuwa amenyimwa njia. Andika _Fungua, Fun_ga na Fu_ta, kisha uhakikishe kwamba g na t hazijatumiwa na kipengele kingine cha menyu hiyo.

Ukimaliza, ijaribu kabla ya kuituma. Amri ya msgfmt -c -o thunar.mo sw.po hukagua kwamba nafasi za kujazwa zinalingana. Liweke faili la .mo linalotokea ndani ya /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES kwenye mashine ya majaribio, uzime Thunar iliyopo kwa thunar -q, kisha uifungue kwa LANGUAGE=sw thunar. Usipoizima kwanza, dirisha litafunguka na lugha ya zamani, nawe utadhani kazi yako imeharibika. Pitia kila menyu kwa macho. Maneno yetu huwa marefu, na kitufe kilichotosha neno la herufi nne kinaweza kuikata sentensi yako katikati. Mpe pia mtu asiye wa fani aitumie kwa dakika kumi, shangazi au jirani, na umtazame akisita. Mahali anaposita ndipo pa kuandika upya.

Kutuma kiraka

Siku itafika utakapotaka kurekebisha mwenyewe. Usianze na LibreOffice wala Firefox, ambazo kuzijenga huchukua saa nyingi na nafasi kubwa ya diski. Anza na kifurushi kidogo. Washa vyanzo kwa kuongeza deb-src kwenye faili la vyanzo vya apt, sasisha orodha, kisha:

apt source thunar
sudo apt build-dep thunar

Amri ya pili inaweza kupakua mamia ya megabaiti, kwa hiyo ifanye mahali penye mtandao wa chuo au wa ofisi kama unaruhusiwa.

Ndani ya folda iliyopakuliwa utaona folda ndogo ya debian pamoja na msimbo mwingine wote. Mgawanyo huo ndio ramani yako. Kosa likiwa ndani ya debian, mathalani maelezo yenye makosa au kifurushi tegemezi kilichosahaulika, ni la mtunzaji wa Debian. Likiwa nje ya hapo, ni la waandishi wa programu yenyewe, nawe utafanya vizuri kulipeleka kwao kwanza, kisha ukaitaja anwani ya ripoti hiyo kwenye ripoti ya Debian.

Baada ya kubadilisha msimbo, endesha dpkg-source --commit, ambayo hukuuliza jina la kiraka na kukufungulia kichwa cha kujaza: maelezo, jina lako, namba ya hitilafu. Usikiache kichwa hicho kitupu. Kisha ongeza mstari kwenye historia ya kifurushi kwa dch -i, ukiandika Closes: na namba ya ripoti, ili ripoti ifungwe yenyewe kifurushi kitakapopakiwa. Jenga kwa dpkg-buildpackage -us -uc, sakinisha matokeo, na urudie majaribio yote uliyoyaandika kwenye karatasi siku ya kuripoti. Zana ya lintian itakuonyesha makosa ya ufungashaji. Mwisho linganisha mafaili mawili ya .dsc, yanayoeleza msimbo wa kifurushi, la zamani na jipya, kwa debdiff, na matokeo yake uyatume kwenye ripoti yenye alama ya patch. Timu nyingi sasa huweka kazi zao kwenye salsa.debian.org na hupendelea ombi la kuunganisha huko. Amri ya debcheckout thunar itakuletea hazina inayotumika.

Kiraka kimoja kibebe jambo moja. Ukiwa ndani utaona nafasi zilizopangwa vibaya na majina usiyoyapenda, na mkono utakuwasha; viache. Mtunzaji anayesoma mistari 6 iliyobadilika anaweza kuikubali wakati wa chai, ilhali mistari 300 ataiweka kando mpaka apate siku nzima, na siku hiyo haiji. Hakikisha pia kwamba msimbo ni wako au umeruhusiwa kuutoa. Kama umeuandika saa za kazi kwa mashine ya mwajiri, muulize kwanza, kwa sababu Debian hushikilia leseni kwa dhati tangu ilipoidhinisha Mkataba wake wa Kijamii mwaka 1997.

Zipo kazi nyingine ambazo hazihitaji maelezo marefu. Kujaribu mafaili ya usakinishaji ya toleo lijalo kwenye kompyuta za aina mbalimbali na kutuma taarifa kwa reportbug installation-reports ni msaada mkubwa, hasa kwa mashine kuukuu tunazozitumia huku ambazo waandishi wengi hawanazo tena mezani. Kusoma ripoti za zamani na kujaribu kama bado ni za kweli, kisha kuandika matokeo, ni msaada pia, na unaufanya ukiwa na muda wa dakika 20 tu.

Ukimya, na njia ya uanachama

Mara nyingi utatuma na usijibiwe. Subiri mwezi. Kisha tuma ujumbe mmoja wa adabu kwenye namba ile ile, wenye kitu kipya ndani yake, kwa mfano kwamba umejaribu toleo lililotoka juzi na hitilafu ipo, au kiraka chako bado kinaingia bila marekebisho. Ujumbe wa kuuliza tu kama kuna habari hauna cha kumsaidia anayesoma. Kimya kikiendelea, angalia ukurasa wa kifurushi kwenye tracker.debian.org uone mtunzaji alipakia lini mara ya mwisho. Kama panasomeka Debian QA Group, kifurushi hicho ni yatima, nawe unaweza kukiomba: badilisha kichwa cha ripoti yake kutoka O (yatima) kuwa ITA (nakusudia kukichukua), andaa toleo jipya, lipakie kwenye mentors.debian.net, na umtafute mwanachama wa kukukagulia na kukupakilia. Chagua kifurushi unachokitumia wewe mwenyewe, kwa kuwa utaishi nacho miaka.

Baada ya muda wa kazi inayoonekana unaweza kuomba uanachama. Ukiwa unafungasha, hatua ya kwanza huwa ngazi ya Debian Maintainer, inayokuruhusu kupakia vifurushi ulivyokubaliwa, na ngazi kamili ni Debian Developer, anayepiga kura ya kumchagua kiongozi wa mradi kila mwaka. Mtafsiri au mwandishi wa nyaraka asijione yuko nje: mwaka 2010 wanachama walipiga kura kuwakaribisha watu wasiofungasha chochote, nao hupata uanachama wenye haki ya kura, pasipo haki ya kupakia. Utahitaji ufunguo wa GPG, unaotumika kutia saini ya kidijitali, uliotiwa saini na wanachama waliouhakiki utambulisho wako, na kwa kawaida hilo hufanyika ana kwa ana kwa kuonyesha pasipoti au kitambulisho. Hapa Afrika Mashariki hatua hii inaweza kukugharimu subira kuliko kazi yenyewe. Mkutano wa mwaka wa Debian ulifika Cape Town mwaka 2016, lakini huwezi kuusubiri urudi karibu. Tengeneza ufunguo mapema, uandike alama yake ya utambulisho kwenye vipande vya karatasi, na uviweke kwenye pochi, maana mwanachama anaweza kupita Nairobi au Arusha kwa shughuli zake nyingine, na kuutia saini ufunguo wako kunahitaji dakika tano za kuketi naye mezani.